Kwa nini hadithi za mashabiki hurudia kisa kilekile

Tamthilia kubwa iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ikifika mwisho kwenye televisheni, magrupu ya WhatsApp ya vijana wa hapa Mbeya hujaa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni malalamiko: mwisho umeharibiwa, yule hakustahili kufa, yule mama mkwe kaachwa hivihivi bila kulipia ubaya wake. La pili ni simulizi. Wiki haiishi utaona "Sehemu ya 1" ya binti wa kidato cha nne au kijana wa chuo, akiahidi kuisimulia upya hadithi ile kama alivyotaka iwe. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wasomaji wanafungua, wanasoma kidogo, wanaandika: "Mbona ni ileile?" Mwandishi anajitetea kwamba amebadilisha majina, ameileta Mbeya, ameongeza mhusika. Wengine wanaingilia kati kwamba huo ni wizi, amekopi na kupesti, aandike ya kwake.

Ninafundisha Kiswahili, na kwa kuwa wanafunzi wanajua ninavyopenda simulizi, nyingi hunifikia kabla hazijarushwa kwenye grupu. Msomaji anayelalamika kwamba ni ileile ana haki yake. Ila sababu anayoitoa, kwamba mwandishi ni mvivu au mwizi, karibu kila mara si ya kweli. Mvivu haandiki sehemu arobaini kwa kidole gumba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kuna kitu kingine kinachomrudisha kwenye njia ileile, na kinaelezeka.

Tuanze na maneno. Hadithi ya mashabiki ni hadithi inayoandikwa na mpenzi wa kazi fulani, iwe riwaya, filamu, tamthilia au katuni, akitumia wahusika wa kazi hiyo au ulimwengu wake. Kazi hiyo ya kwanza nitaiita hadithi mama. Msuko ni jinsi matukio yanavyoshikana: hili limesababisha lile, na lile limezaa jingine. Hapo naomba tuelewane vizuri, maana orodha ya matukio peke yake haijawa msuko. "Binti alifukuzwa kazi, akaugua, akapata mchumba" ni orodha. Lakini kama binti aliugua kwa sababu baada ya kufukuzwa alilala stendi kwenye baridi ya mwezi wa Juni, na mchumba wake ni muuguzi aliyempokea usiku huo, hapo pana msuko. Chomoa tukio moja, mengine yanaanguka.

Hadithi za mashabiki zina namna nyingi. Wapo wanaoendeleza pale hadithi mama ilipokomea. Wapo wanaojaza pengo, kwa mfano ile miaka mitatu ambayo tamthilia iliiruka kwa maneno mawili chini ya kioo. Wapo wanaosimulia kisa kwa macho ya mtu mwingine, wanaokihamishia mahali pengine, na wanaoligeuza tukio moja ili waone kitakachofuata. Lalamiko la "ni ileile" huwapata zaidi hawa watatu wa mwisho, ingawa hata waendelezaji hawasalimiki: mhusika anatekwa mara ya pili, anapoteza kumbukumbu mara ya pili, na harusi inavurugwa mara ya pili kwa njia ileile.

Jambo lenyewe si geni wala halikuletwa na simu. Kwenye ushairi wa Kiswahili kuna takhmisa: mshairi anachukua mistari miwili miwili ya mtu mwingine, anaitungia mitatu ya kwake, na ubeti unakuwa wa mistari mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutendea hivyo utungo unaohusishwa na Fumo Liyongo. Maneno ya mwenyewe yanabaki palepale, lakini ukiusoma ubeti mzima unasikia watu wawili wakizungumza. Kwa upande wa mashabiki wa kisasa, wapenzi wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga, kule Marekani walikuwa na jarida lao la kujichapia, Spockanalia, tangu 1967. Mtandao ulipoenea zikaja tovuti za kuwekea hadithi hizo, FanFiction.Net (1998), Wattpad (2006) na Archive of Our Own (2009), ambayo mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa kazi za kubuni za kisayansi na kifantasia. Sisi tumeingia kupitia Facebook, WhatsApp na Telegram, kwa mtindo wetu wa "itaendelea".

Kabla ya kufika kwenye sababu, niondoe dhana moja inayovuruga mazungumzo yote: kwamba kufuata msuko wa hadithi mama ni kosa lenyewe. Hapana. Nenda Mwanjelwa jioni, ingia kibanda umiza kinachoonyesha muvi ya kutafsiriwa. Picha ni ya Hong Kong au Marekani na haibadiliki hata kidogo; mtafsiri hana uwezo wa kumfufua aliyekufa. Lakini msikilize. Anampa jambazi jina la utani, anamwonya shujaa asiingie mlango ule, anaeleza kwa nini yule mzee ana hasira, kisha anaiacha muvi kando na kuwasema wanaume wasiotuma hela nyumbani. Watu wanacheka, na kesho yake makonda wanairudia misemo yake kwenye daladala. Ameufuata msuko hatua kwa hatua na bado kazi imekuwa yake, kwa sababu amesimama kati ya picha na mtazamaji akiwa na la kusema. Simulizi inayochosha ni ile iliyofuata msuko na mwandishi mwenyewe hayumo.

Sasa mwandishi anapoteaje?

Sababu ya kwanza naiona darasani. Kwenye fasihi ya sekondari mwanafunzi ana vitabu teule, na swali la mtihani humtaka atoe hoja na kuzithibitisha kwa vitabu viwili alivyosoma. Akisema mhusika alikimbilia mjini wakati kitabu kinasema alibaki kijijini, amekosa. Ni haki, kwa sababu mtihani unapima kama amesoma. Lakini miaka ya kupimwa hivyo inamzoesha kuamini kwamba kukiheshimu kitabu ni kuyataja matukio yake bila kukosea. Hakuna siku anayoulizwa: kama mhusika huyu angebaki kijijini, nini kingevunjika? Siku akiketi kuandika simulizi ya tamthilia anayoipenda, anaandika kama mtahiniwa. Anathibitisha kwamba ameitazama.

Sababu ya pili inatokana na macho. Hadithi mama nyingi za vijana wetu ni picha, si maandishi. Mwandishi amemwona binti akifungua mlango, akageuka, chozi likamdondoka, muziki ukapanda. Anaandika: "Alifungua mlango taratibu, akageuka nyuma, chozi likamdondoka." Ukisoma hayo unajua kamera ilisimama wapi. Kilichokosekana ni kile ambacho kamera haikukiona: binti alikuwa anahesabu nini kichwani, ameacha nini jikoni, miguu yake ilikuwa inauma au la. Maandishi yana uwezo wa kuingia huko ambako picha inaishia nje, na hiyo ndiyo nafasi kubwa kuliko zote aliyonayo mwandishi wa hadithi ya mashabiki anayetoka kwenye filamu. Wengi wanaiacha wazi.

Ya tatu ni haraka. Sehemu ya 7 inasubiriwa saa mbili usiku, admini ameshakumbusha mara mbili, na kama grupu ni la kulipia kuna mtu atadai hela yake. Hadithi mama ina kila kitu tayari, hata mahali pa kukatia utamu. Nani atakaa kufikiria njia mpya wakati ya zamani ipo wazi mbele yake? Simlaumu mtu anayeandika kwa kasi hiyo, lakini nimeona waandishi wawili watatu waliojiwekea sehemu kumi kwenye daftari kabla ya kurusha ya kwanza, na tofauti inaonekana mapema sana.

Ya nne ni hofu ya maneno matatu: "Huyo siyo yeye." Mashabiki ni wakali. Mhusika akisema neno moja ambalo hangelisema kwenye tamthilia, wanakuja juu. Mwandishi mchanga akishaumizwa hivyo, anajificha kwenye matukio ambayo hakuna anayeweza kuyapinga, kwa kuwa yalitokea kweli kwenye runinga.

Sababu ya tano ndiyo ninayoiona kuwa mama wa zote, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko nyingine. Shabiki hapendi hadithi nzima kwa usawa. Anapenda matukio fulani. Kuna usiku ule wa mvua, kuna kofi lile, kuna barua iliyosomwa hospitalini. Ameandika ili ayaone tena. Kwa hiyo hata anapobadilisha jambo mwanzoni, moyo wake uko kwenye tukio lile la katikati, na ataipinda hadithi yote mpaka afike hapo.

Hebu fikiria basi la kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Linapita Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, Ipogolo, linashuka Kitonga, linafika Mikumi na Morogoro. Huo ndio msuko wa hadithi mama, na kila abiria anajua Kitonga ndipo roho huruka. Mwandishi wetu anataka njia yake mwenyewe, hivyo anakata kona Makambako na kushika barabara ya Njombe. Vizuri sana. Lakini aliyeshika barabara ya Njombe ataiona Njombe, ataona miti na baridi yake, na mwishowe Songea. Kitonga hataiona. Tatizo ni kwamba ukurasa wa kumi na tano wa simulizi yake basi linashuka Kitonga, kona kwa kona, kwa sababu hakuweza kuvumilia safari isiyo na Kitonga. Msomaji hajui kueleza kilichomkera. Anaandika tu, "Mbona ni ileile?"

Nitatoa mfano wa simulizi niliyoletewa. Tamthilia mama ni ya aina inayojulikana na kila mtu: binti maskini anafanya kazi za ndani kwa matajiri, kijana wa nyumba anampenda, mama mwenye nyumba anamsingizia wizi wa pete, binti anafungwa miaka mitano kimya kimya, anatoka, anarudi akiwa tajiri. Mwandishi, msichana makini kweli, alimwita binti huyo Tusajigwe, akamtoa Tukuyu, akaiweka nyumba ya matajiri hapa mjini. Kisha akafanya jambo zuri ambalo wengi hawalithubutu: akaongeza mpishi ambaye asubuhi ileile anaikuta pete kwenye bomba la sinki la jikoni na kuitoa mbele ya watu wote.

Nilipofika hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Halafu aya mbili mbele, Tusajigwe anasingiziwa fedha za chama, kesi inaisha kwa mistari minne, anafungwa miaka mitano. Kuanzia hapo simulizi inafuata tamthilia mpaka mwisho. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila kusita: "Mwalimu, sasa asipofungwa watapendana vipi?"

Jibu lile lina kila kitu. Kwenye tamthilia, jela ndiyo inayopima mapenzi: kijana anasubiri, anaandika barua, anagombana na mama yake. Msichana huyu aliona, na aliona sawasawa, kwamba ukiondoa jela mapenzi yanabaki bila ushahidi. Alichokosa ni subira ya kukaa na swali lake mwenyewe. Nilimwambia, "Hilo swali ndilo hadithi yako, mwanangu. Liandike."

Tulikaa tukalifungua pamoja, na nalileta hapa kwa sababu linaonyesha kazi yenyewe inavyokwenda. Pete imepatikana. Ni nini hakiwezi tena kutokea? Hakuna jela, hakuna barua, hakuna utajiri wa ghafla baada ya miaka mitano, hakuna kisasi. Je, ni nini ambacho sasa lazima kitokee? Mama mwenye nyumba amemwita binti mwizi mbele ya wageni, na ameumbuka. Mtu mwenye cheo akiumbuka haombi radhi kirahisi. Ataanza kumchukia mpishi, kwa kuwa ndiye aliyeshuhudia. Mpishi atafukuzwa kwa kisingizio cha chumvi. Tusajigwe ataona, na atajua kwamba mtu amepoteza ugali wake kwa ajili yake. Atakubali kuendelea kula kwenye nyumba hiyo? Na kijana, ambaye pete ilipopotea alinyamaza kwa dakika kumi nzima kabla haijapatikana, atazifuta vipi dakika hizo? Kwenye tamthilia kunyamaza kwake hakuonekani kwa sababu jela ilikuja ikafunika kila kitu. Hapa hakuna wa kukufunika, kijana. Mapenzi yao yatapimwa na dakika kumi za kimya, na kwangu hicho ni kipimo kikali kuliko miaka mitano ya barua.

Hakuna aliyebuni hayo kwa kipaji cha ajabu. Yalitoka kwenye kuorodhesha yale yasiyowezekana tena baada ya mabadiliko, kisha kuuliza waliobaki wanatakiwa kuishi vipi. Mwandishi akifanya hivyo kabla ya Sehemu ya 1, akaandika hata matukio matano tu ambayo hadithi yake haitayafikia kamwe, anakuwa ameshajifungia njia ya kurudi barabarani.

Mpishi yule ananileta kwenye mhusika wa kuongezwa. Ni desturi ya mashabiki duniani kote kujiingiza wenyewe kwenye hadithi kwa jina jingine. Mwaka 1973 Paula Smith, shabiki wa Star Trek, aliwatania wahusika wa namna hiyo kwa kumuumba Luteni Mary Sue, wa umri wa miaka kumi na tano na nusu, mdogo kuliko maluteni wote, anayejua kila kitu na kupendwa na kila mtu. Jina hilo limebaki hadi leo. Lakini kasoro yake kubwa haiko kwenye sifa nyingi. Mhusika kama huyo anapanda basi, anapiga picha dirishani, anasalimiana na dereva, na basi linasimama vituo vilevile. Mtoe kwenye simulizi yako, kisha soma tena. Kama matukio yote yamebaki salama, alikuwa abiria. Mpishi wa Tusajigwe alikuwa na nguvu ya kugeuza kila kitu, akanyang'anywa aya mbili baadaye.

Kuhusu kuhamisha mahali kuna imani kubwa hapa kwetu kwamba ukiitoa hadithi Seoul au Istanbul na kuileta Mbeya, tayari umeandika upya. Mahali papya huleta upya pale panapoachwa pafanye kazi. Kwenye simulizi ileile ya Tusajigwe, usiku wa kutoroka anakimbilia uwanja wa ndege wa Songwe, kijana anamfuata mbio, ndege inaondoka. Binti wa kazi za ndani wa Tukuyu, mwenye mshahara wa mwezi mmoja kwenye kanga, anatafuta nini Songwe? Angekwenda stendi ya Nanenane kutafuta kosta. Na stendi usiku ni tukio tofauti kabisa: kosta haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo kijana ana muda wa kumkuta, wapiga debe wanasikiliza kila neno, na pengine yupo mama wa Kiwira anayemfahamu binti na atakayepeleka habari nyumbani kabla yake. Ndege inatenganisha watu kwa ukuta wa kioo. Kosta inawakalisha karibu mno, na hadithi inageuka.

Chukua pia tukio la baada ya ndoa, mkwe na baba mkwe wanagombana mezani uso kwa uso. Katika mila za Wanyakyusa mke wa mtoto humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami, hali naye, jina lake halitaji. Mjini wengi wamelegeza, lakini familia iliyotoka Rungwe inajua kinachovunjwa. Mwandishi ana njia mbili. Ama ugomvi unapita kwa mtu wa kati, na mtu wa kati ana masilahi yake na ataongeza chumvi, ama binti anamtazama mzee usoni kwa makusudi, na kutazama huko kunatisha kuliko tusi lolote la kwenye tamthilia. Njia zote mbili zimetoka Tukuyu na hazikuwemo kwenye hadithi mama.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliliona hilo mapema. Riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na ana rafiki, Najum, wa kushangaa naye. Aliyesoma Sherlock Holmes anaujua ukoo huo papo hapo. Lakini mambo anayoyapeleleza yametokana na mashamba, urithi, nasaba na hofu ya mizimu ya Unguja. Alichukua umbo la watu wawili na kiko, akaziacha kesi za London huko London.

Kuna wanaosema kubadilisha ni kumvunjia heshima mwandishi wa kwanza. Swali hilo nalijibu kwa habari ya mtu ambaye hakuna wa kumbadilishia mwisho. Hapa Nyanda za Juu Kusini kila mtoto wa Iringa anaujua msuko wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe: Lugalo, Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kinashindwa, 1894 ngome ya Kalenga inaanguka, miaka ya msituni, Julai 1898 anajiua Mlambalasi ili asikamatwe, fuvu linachukuliwa, linarudishwa 1954 na leo liko Kalenga. Ukiandika hadithi yake huwezi kumfanya ashinde 1898. Msuko umefungwa na historia. Bado wanaomsimulia hawafanani hata kidogo, kwa sababu wanachagua wasimame upande gani: kwa mtawala, kwa mama aliyebaki Kalenga baada ya ngome kuvunjwa, kwa kijana ambaye inasimuliwa kwamba ndiye aliyewaonyesha Wajerumani njia. Mtu akiandika usiku wa kijana huyo wa mwisho, tarehe zote zitabaki sahihi na hakuna msomaji wa Iringa atakayesema ameshaisoma.

Jean Rhys alifanya vivyo hivyo na *Jane Eyre*, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, ambamo kuna mke mwendawazimu aliyefungiwa darini na ambaye hatimaye anaichoma nyumba. Kwenye *Wide Sargasso Sea* ya 1966, Rhys, aliyezaliwa kisiwa cha Dominica, alimpa mwanamke huyo utoto wa Karibi, jina la Antoinette na sauti yake mwenyewe. Moto umebaki kuwa moto. Anayeufikia kupitia kwa Antoinette anauona kwa jicho ambalo kitabu cha kwanza hakikumpa. Sioni heshima kubwa kuliko kumsoma mtu kwa makini kiasi cha kuona mlango aliousahau wazi.

Hofu ya sheria nayo ina nafasi yake, na hapa watu wengi wameishika kichwa chini miguu juu. Wanadhani kadiri unavyofuata kisa kwa karibu ndivyo unavyokuwa salama, kwa sababu "hujaharibu kazi ya mtu". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inailinda kazi kama ilivyoelezwa, si wazo tupu. Wazo la binti kusingiziwa wizi halina mwenyewe. Mfuatano wa matukio yale, mazungumzo yale na wahusika wale vina mwenyewe, na haki ya kuigeuza kazi kuwa kazi nyingine ni yake pia, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo anayenakili kwa karibu na kuuza kwenye grupu la kulipia yuko hatarini kuliko aliyekwenda mbali. Ngano za bibi zetu, visa vya Abunuwasi na kazi za waandishi waliokufa zamani hazina mwandishi wa kukuzuia hivyo, na nashangaa kwa nini vijana hawazichukui zaidi.

Linabaki swali ambalo wanafunzi hunirudishia kila mara: nikiruhusu mabadiliko yote hayo, atakuwa bado ni yule ninayempenda? Mimi hupima kwa vitu viwili, anachokitaka mhusika kuliko vyote na kile ambacho hatakubali kukifanya ili akipate. Tusajigwe anataka kuheshimiwa, na haombi. Hayo yalikuwemo kwenye kimya chake mahakamani kwenye tamthilia. Mpeleke Matema akauze samaki, mnyime jela na mnyime utajiri, mpe hata mchumba mwingine. Maadamu haombi, mashabiki watamtambua, na yule atakayeandika "huyo siyo yeye" utakuwa na la kumjibu. Akipiga magoti kwenye Sehemu ya 2, basi umeshamwacha na umekutana na binti mwingine. Hilo limewapata wengi. *Fifty Shades of Grey* ya E. L. James ilianza kama hadithi ya mashabiki wa *Twilight*, riwaya za mapenzi za Stephenie Meyer. Majina yakabadilishwa, ikatoka kama kitabu mwaka 2011, na wasomaji wengi hawakujua kabisa ilikotoka. Ukiona wahusika wako wanaweza kubeba majina mapya bila hadithi kutetereka, futa jina la tamthilia pale juu ya Sehemu ya 1, ipe ya kwako kichwa chake, na utafute mchapishaji.